Salamu Isiyosubiri Jibu

Cheti changu cha kustaafu kilikuwa maneno mawili kwenye simu: "Fabrice amekuondoa." Hakuna soda, hakuna keki, hakuna aliyesimama kusema huyu mama aliwavalisha masweta watoto wa Kicukiro mpaka bega lake likagoma. Nilikuwa nimekaa kitandani najichua dawa, simu ikatetemeka, nikasoma, nikajua kazi imekwisha. Fabrice ndiye aliyekuwa meneja wetu. Mama yake, mwenye kampuni, anaitwa Madamu Josiane. Nawataja mapema ili msije mkadhani nazunguka.

Kutaja majina nimezoea. Mimi ni mmoja wa waliobaki. Kwetu tulikuwa wengi kwenye sahani moja, na baada ya jenoside dhidi ya Watutsi nikabaki mimi. Nilipokuwa msichana mkubwa nilisimama kwenye Gacaca, mahakama ya kijiji, mbele ya majirani wamekaa majanini, nikataja nani alifanya nini. Aliyetaja watu wale hawezi kumwogopa Fabrice mwenye viatu vyeupe.

Haya nayaandika kwa ajili ya Keza, binti wa mwenye nyumba wangu hapa Niboye, na kwa wenzake wote wanaofanyia kazi chumbani. Keza ana kompyuta na mabosi wa nje ambao amewaona vichwa, hajawahi kuwaona miguu. Juzi alikuja kuniomba chumvi. Chumvi kwao ipo, nimeiona kwa macho yangu. Akasimama mlangoni akisokota kikombe, akasema, "Tantine Odette, unajua tangu Jumatatu sijaisikia sauti yangu? Naandika tu." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimfahamu mwanamke mwingine aliyeanza kwa kuomba chumvi. Aliitwa Spesioza, na nitawaambia yaliyompata, kwa sababu kazi ya nyumbani ilitaka kummeza na kuna watu walikuwa wanaangalia simu.

Shule sikufika mbali, niliishia darasa la nne kwa sababu mnazozijua. Kiswahili nilikipata Biryogo, mtaa wa Waswahili, kwa Bibi Zaina aliyenificha halafu akanilea. Mkikuta kosa, lisahihisheni kimoyomoyo tuendelee.

Mashine ya kufumia, kwa asiyeijua, ni kitanda kirefu cha chuma chenye sindano zilizopangwa kama meno ya kitana. Juu yake kuna kigari. Unakisukuma kulia, unakirudisha kushoto, krrra, krrra, na kila kikipita sweta linapata mstari mmoja. Mkono wangu wa kulia umesafiri mbali kuliko mimi. Chini ya kitambaa unaning'iniza vyuma vizito ili vitanzi visiruke. Kiangazi kikikausha uzi ukaanza kukwama, upitishe juu ya kipande cha mshumaa, utateleza kama umepakwa siagi. Hayo niliyafundishwa na Mukecuru Karolina. Mukecuru ni kusema bibi kizee, ingawa alipoanza kuitwa hivyo alikuwa mdogo kuliko nilivyo leo. Alikuwa na meno matatu ya mbele na ulimi wa kutosha vinywa vinne.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kinu cha mahindi. Tulikaa wawili wawili. Ukifika kwapani, mahali pa kuanza kupunguza vitanzi, unapaza sauti: "Napunguza!" Mwenzako hata kama anatafuna karanga lazima aangalie mashine yako, ahesabu, ajibu: "Punguza!" Asipojibu hupunguzi. Mimi mwenzangu alikuwa Spesioza. Alikulia Bujumbura, alikuwa Mkatoliki wa rozari mfukoni, mcheshi, mwoga wa paka. Mara nyingine nikiita "Napunguza!" anajibu, "Anza na mdomo wako, sha."

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na salamu. Kwa Kinyarwanda salamu ya asubuhi ni *mwaramutse*. Ninyi mnaisema kama mtu anayekohoa. Ile ni swali. Inauliza: je, usiku umewaacha? Asubuhi imewakuta? Mukecuru Karolina alikuwa anasimama mlangoni na kumuuliza kila mmoja kwa jina lake, "Odette, waramutse?" halafu ananyamaza. Anasubiri. Ujibu kwa mdomo: "Naramutse," yaani asubuhi imenikuta. Kutikisa kichwa hakukubaliki. "Hata mbuzi anatikisa kichwa," alikuwa anasema, "na anachinjwa." Jina likiitwa lisijibiwe, kigari hakisukumwi wala nyuzi hazifungwi mpaka mmoja wetu aende kwa huyo mtu akajue. Tulichelewa kazi kwa sababu hiyo, ndiyo. Mara moja tulimkuta mwenzetu ameshikwa na uchungu wa kuzaa peke yake. Mara nyingine tulimkuta mwingine amelewa, tukamlewesha matusi.

Mimi swali hilo nililijua kabla ya karakana. Nilipokuwa nimefichwa kwa Bibi Zaina, kwenye kijistoo cha mkaa, nilikatazwa sauti kabisa. Kila alfajiri alipita nje ya ubao akijifanya anafagia, ananong'ona, "Umeamka?" Nikawa nagonga ubao mara mbili kwa kidole. Anaendelea kufagia. Wakati mwingine nilichelewa kugonga, kwa uchovu tu, na nikasikia ufagio umesimama. Yule mama hakuondoka hata siku moja bila kugongewa. Hadithi hii karakana nzima sikuisimulia. Nilimsimulia Spesioza peke yake, siku moja ya Aprili, mwezi wa kukumbuka watu wetu, tukisubiri mvua ipite. Hakusema pole. Alichukua kijiko akagonga kikombe chake mara mbili, tukaendelea kufuma.

Basi. Ikaja Korona. Tukaambiwa kila mtu na mashine yake nyumbani, ni ya muda. Hilo simlaumu mtu, ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Nalaumu kilichofuata. Barakoa zilipovuliwa, tukafunga vitambaa vyetu tukaenda kwenye karakana na kukuta chumba kimepangishwa muuza vigae. Madamu Josiane alitupokea barabarani, hata kivuli hakutupatia.

"Mabinti zangu," akasema, "mmeona wenyewe nyumbani mnafanya vizuri zaidi. Hamna foleni, hamna mvua, hamna umbeya."

Mukecuru Karolina akamuuliza, "Na salamu tutasalimiana wapi?"

Fabrice akadakia, ametoka kusoma juzi juzi, shingo bado ina unga wa chaki: "Kwenye grupu, mukecuru. Kila kitu kitakuwa kwenye grupu."

"Mimi simu yangu iko ya kubonyeza."

"Basi wewe umepumzika," akasema Fabrice, kama anayetoa zawadi.

Mukecuru alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwao Masaka, na hakumaliza mwaka. Kwenye mazishi Madamu Josiane alikuja na miwani myeusi akasema marehemu alikuwa nguzo. Nguzo ya nini, wakati nyumba umeipangisha?

Sasa sikilizeni, maana mnadhani kazi ya nyumbani ni kukaa. Wiki za kwanza nilifurahi. Nilifuma nimejifunga kanga, nikala nikifuma, nikalala saa nitakayo. Halafu nikaanza kukosea. Nilikuwa nafika kwapani naita "Napunguza!" na chumba kinanitazama. Nikawa napunguza bila kujibiwa. Siku moja nikapeleka mzigo wa masweta ya shule moja ya Kinyinya, kijani na ukosi wa njano. Fabrice akanipigia.

"Mama, haya masweta ni ya wanafunzi au ya nyani?"

"Yana nini?"

"Mkono wa kushoto unafika gotini!"

Ilikuwa kweli. Mzigo mzima. Spesioza alipopata habari alinipigia akicheka mpaka akakosa pumzi: "Yewe Odette, umewafanyia watoto mkono wa kukunia mgongo!" Nilicheka pia, kisha nikakata simu nikagundua mashavu yamechoka. Yalikuwa yamesahau kazi hiyo.

Nawapa niliyojifunza, bure, ingawa mimi sikupewa bure. Usikae ukitazama ukuta. Geuza meza itazame mlango, hata kama mlango hauna mtu. Vaa viatu. Mwili wenye viatu unajua uko kazini, na ukivivua unajua umetoka. Usinunue nyanya za wiki. Nunua mbili, ziishe, urudi kwa mama wa nyanya akuulize mbona unanunua kama ndege. Huo ugomvi ni dawa. Redio washa ukitaka, lakini usiite redio mwenzako. Redio inasema asubuhi njema na haingoji kusikia kama imekuwa njema. Kumbukeni hilo la redio, nitalirudia.

Na grupu. Ah, grupu. Fabrice alilifunga, akaandika yeye peke yake. Sisi tulikuwa wa kusoma. Kila asubuhi, dakika ile ile, linaingia neno: "Mwaramutse timu!" na ua jekundu. Kwanza nikadhani kijana ana adabu. Baadaye dereva wake akaniambia simu ndiyo inajituma, aliipanga mara moja, yeye saa hiyo amelala. Fikirini. Anauliza kama asubuhi imetukuta, mahali tusipoweza kujibu, na anayeuliza mwenyewe hajaamka.

Mimi na Spesioza tukajiwekea yetu. Yeye alikuwa amehamia Masaka, chumba cha nyuma ya nyumba isiyokwisha kujengwa, mwenye nyumba anakaa upande mwingine wa mji. Kila asubuhi mmoja anampigia mwenzake: "Waramutse?" "Naramutse." Wakati mwingine hatukuongeza neno. Lakini nilisikia sauti yake ikibadilika. Alianza kuniambia anaenda kwa jirani kuomba chumvi wakati chumvi anayo. "Nikifika pale nasahau nimefuata nini," akasema. "Wanafikiri naiba muda wao." Jirani aliyekuwa anampokea akahama, akaja mwingine wa geti la chuma. Nikamwambia Spesioza aje tukae wote Niboye. Akasema mashine mbili hazitaingia chumbani kwangu. Kweli hazingeingia.

Asubuhi moja nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikajiambia yuko bafuni, yuko misani. Nikapiga mpaka chai ikapoa. Nikiwa bado nashikilia simu, ikatetemeka: "Mwaramutse timu!" na ua. Dakika chache baadaye, nadhani ndipo alipoamka: "Fabrice amemwondoa Spesioza."

Nikampigia Fabrice, na bahati ya shetani, akapokea.

"Fabrice, Spesioza hapokei simu."

"Ndiyo maana nimemtoa, mama. Tangu jana namtumia ujumbe wa kazi hajibu. Pikipiki ilienda kuchukua mzigo, dereva akapiga honi akaondoka."

"Alishuka akagonga?"

"Mama, dereva si polisi."

"Mtu akinyamaza unamtoa? Kwetu mtu akinyamaza tunaenda."

"Ni mfumo, mama. Mfumo ndio unavyofanya kazi."

"Huo mfumo una mama yake?"

Akacheka, akadhani ni utani, akasema yuko kwenye kikao. Nikavaa viatu. Nikasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, nikamwambia yule kijana Masaka, na akienda polepole nitamsukuma mwenyewe.

Masaka jirani alikuwa anapalilia maharage kando ya ule ukuta usio na lipu. Nikamuuliza, "Huyu mama wa mashine umemwona?"

"Yupo," akasema bila kunyanyuka. "Si unasikia redio yake? Inaongea tangu jana."

Redio ilikuwa inaongea kweli. Mtu alikuwa anatangaza hali ya hewa. Na kwa ile sauti, watu wote wa pale walilala wakijua Spesioza yuko na wenzake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikaita, redio ikanijibu kuhusu mvua. Nikamwambia yule jirani aache jembe, anyamaze, asipumue. Nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, nikauliza kama Mukecuru alivyonifundisha, kwa jina, halafu kusubiri.

"Spesioza. Waramutse?"

Nilisubiri. Msiniulize kwa muda gani. Nilikuwa na umri wa miaka yote niliyowahi kuwa nayo. Upande huu wa mlango nilikuwa Bibi Zaina, ufagio umesimama mkononi, na sasa ndipo nilijua yule mama alikuwa anapitia nini kila alfajiri wakati mimi nachelewa kugonga kwa uvivu wa mtoto.

Ikaja. Chuma kwa chuma. Mara moja. Kimya. Mara ya pili.

"Leta jembe!" nikapiga kelele.

Tulimkuta sakafuni kando ya mashine, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda pembeni. Alikuwa ameshika kwa mkono wa kushoto kile chuma cha kuning'iniza chini ya kitambaa, anagongea nacho mguu wa mashine. Kiharusi kilimpata asubuhi ya jana yake, baada ya salamu yetu, kigari kikiwa katikati ya safari. Simu ilikuwa juu ya meza, inalia kila nikipiga, na yeye anaitazama. Pikipiki ilipopiga honi alisikia. Hilo alinieleza baadaye kwa macho na kidole, na mimi nilikuwa namtajia: "Ulisikia simu?" Anafumba jicho. "Ulisikia honi?" Anafumba. "Uligonga?" Alifumba jicho na hakulifumbua haraka.

Hospitalini walisema mtu wa namna hiyo anatakiwa aletwe mapema sana. Niliwaambia hayo wakamwambie Fabrice.

Fabrice alikuja, ndiyo. Hakuja hospitali. Alikwenda Masaka na gari dogo la mizigo, mimi niko pale nakusanya nguo za mgonjwa.

"Pole sana, mama," akasema, na macho tayari yako kwenye mashine. "Hii iko ya kampuni. Kuna mtu anaisubiri."

Kwenye sindano kulikuwa na mkono wa sweta umefika nusu, mkono mzuri, wa Spesioza, vitanzi vyote sawa. Nikamwambia, "Subiri niutoe, nivishike vitanzi kwenye uzi, visifumuke."

"Hatuna muda, mama."

Wakainua mashine hivyo hivyo, yeye na dereva. Vitanzi vikaruka kimoja kimoja. Kitambaa kikadondoka mlangoni, mpira wa uzi ukaviringika nyuma yao, na mkono mzima ukafumuka kutoka chumbani mpaka kwenye gari, uzi wa kijani unaburuzika kwenye vumbi jekundu. Yule jirani wa maharage alisimama akaangalia. Hata yeye alielewa. Fabrice aliufunga mlango wa gari juu ya ule uzi akaondoka nao.

Madamu Josiane alinitumia kwenye simu picha ya viganja viwili vimeunganishwa na neno "Courage", jipe moyo. Ndivyo alivyomuuguza mfanyakazi wake wa miaka yote ile.

Mimi niliendelea miezi michache, maana tumbo halina hasira. Kisha bega likakataa. Nilimwambia Fabrice nahitaji kupumzika nitibiwe. Siku mbili sikujibu ujumbe wake. Mwisho wake mnaujua, nimeuanza nao.

Spesioza sasa anakaa kwa mdogo wake Kinyinya. Kutamka hawezi. Kila asubuhi nampigia, mdogo wake anamshikia simu sikioni, namuuliza. Nasubiri. Siku nyingine jibu linachelewa, na ninakaa na simu yangu kama mtu aliyeshika ufagio. Halafu kijiko kinagonga kikombe mara mbili, na mimi nasema, "Haya, na mimi naramutse," nakwenda kununua nyanya zangu mbili. Na ukinisikia nikimlaani mtu njiani, ujue jibu siku hiyo lilichelewa sana.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya geti. Keza akatoka, ana vile vidude masikioni, simu mkononi, ananipita.

"Mwaramutse, tantine," akasema, na miguu haikupunguza mwendo.

"Wewe Keza!" nikamwita. "Rudi hapa. Umeniuliza swali, unakwenda wapi?"

Akageuka akicheka. Akaona sicheki. Akatoa kidude kimoja sikioni, akatoa na cha pili, akasimama mbele yangu mikono imening'inia.

Nikamwacha asubiri kidogo. Ndipo nikamjibu.